Darasa la asili ya mapigano ya mikono mitupu, Kisasa, Dodoma: tathmini baada ya wiki nane

Nililipa shilingi 80,000 kwa wiki nane, yaani shilingi 10,000 kwa kila Jumamosi, na nilihudhuria vipindi vyote isipokuwa kimoja. Darasa linafanyika katika ukumbi wa kukodi eneo la Kisasa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, na linafundishwa na mwalimu mmoja mwenye mkanda mweusi wa karate ambaye aliwahi pia kufundisha historia katika shule ya sekondari. Kila kipindi kina sehemu mbili: kwanza tunakaa chini na kusoma kuhusu asili ya mapigano ya mikono mitupu katika nchi fulani ya kale, tukiangalia picha na kujadili ushahidi uliopo, kisha, baada ya chai, tunaingia kwenye magodoro na kujaribu kwa miili yetu yale tuliyoyasoma. Mwalimu hafundishi mtindo mmoja wala hatoi mikanda, na hilo alilieleza siku ya kwanza ili mtu asije akalipa fedha zake akitarajia kitu kingine.

Sababu iliyonipeleka pale ni ya siku nyingi. Nilianza karate nikiwa msichana wa kidato cha tatu, na klabu ya kwanza niliyojiunga nayo ilitufundisha kwamba mapigano yote ya mikono mitupu duniani yalibuniwa na mtawa mmoja kutoka India aliyefika katika hekalu la Shaolin nchini China. Nilipomuuliza mkufunzi wetu iwapo wazee wetu waliochunga ng'ombe huku Ugogo hawakuwahi kushikana mieleka, alinijibu kwamba ule ulikuwa mchezo wa watoto, si sanaa. Nimeishi na jibu hilo kwa zaidi ya miaka 20, na limekuwa likiniuma kila ninapolikumbuka. Kwa hiyo nilipoona bango la darasa hili karibu na soko la Majengo, likiahidi kufundisha asili ya kale ya mapigano, nilijiandikisha nikiwa na shaka kubwa, nikidhani kwamba nitasimuliwa habari zilezile kwa mara nyingine.

Shaka hiyo iliondoka siku ya kwanza. Mwalimu alianza na Misri, katika makaburi ya Beni Hasan yaliyochongwa kwenye mwamba upande wa mashariki wa Mto Naili, mkoani Minya, karibu miaka 4,000 iliyopita. Katika kaburi la mtawala wa jimbo aliyeitwa Baqet wa Tatu, ukuta mmoja umechorwa zaidi ya jozi 200 za wapiganaji wa mieleka, zimepangwa safu juu ya safu, na ukizifuata picha kwa picha unaona mchezo ukiendelea: mmoja anajifunga mkanda kiunoni, wanakaribiana, mmoja anainama na kukamata mguu, mwenzake anamzunguka shingo, mmoja anainuliwa juu miguu ikielea, kisha yuko chini naye bado anatafuta pa kushika. Mchoraji wa zamani zile alikabiliwa na tatizo ambalo kila anayetaka kufundisha mieleka kwa picha hulikuta, yaani miili miwili iliyofungamana haisomeki, mtu hajui mkono huu ni wa nani na ule ni wa nani. Alilitatua kwa kumpaka mmoja rangi iliyokolea na mwenzake rangi nyepesi, na kwa hatua hiyo ndogo mamia ya picha zile zikawa somo linaloweza kufuatwa hata leo.

Hapa ndipo ninapoanza na kasoro, kwa sababu inahusu jambo hilohilo. Nakala tulizogawiwa zilikuwa za fotokopi nyeusi tupu, na fotokopi ile ilizimeza rangi zote mbili zikawa doa moja. Nilikaa na karatasi yangu kwa dakika kadhaa nikijaribu kutenganisha mguu wa mpiganaji mmoja na wa mwenzake, nikashindwa, na jirani yangu naye akashindwa, hadi mwalimu alipotuonyesha picha ya rangi kwenye simu yake, tukaizunguka simu ile watu 18 kama watu wanaoota moto. Darasa linalotoza ada ya namna hii linaweza kuchapisha kurasa mbili za rangi kwa kila mwanafunzi. Nimemwambia mwalimu jambo hilo ana kwa ana na nalirudia hapa, kwa kuwa ukuta wa Beni Hasan bila rangi zake mbili umepoteza maana yake.

Pamoja na hayo, mazoezi ya siku ile yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kufanya. Mwalimu alichagua picha sita zinazofuatana na kutuweka wawili wawili, kila jozi ikapewa kitambaa cha kujifunga kiunoni, kisha tukazipitia polepole, tukisimama katika kila picha mpaka miili yetu ilingane nayo. Mimi nilifanya na dada mmoja muuguzi, na tulipofika picha ya nne, ambapo mtu amekwishakamatwa mguu mmoja na anasimama kwa mguu uliobaki, niligundua kwamba mkono wangu ulikuwa umekwenda wenyewe kumshika mwenzangu nyuma ya shingo ili nisianguke. Niliitazama picha tena, na mpiganaji wa Misri alikuwa amefanya hivyohivyo. Hakuna aliyeniambia. Mwili uliotegwa hivyo una njia chache za kujiokoa, na hizo ndizo alizoziona mchoraji yule.

Jumamosi ya pili tulisoma kuhusu Iraki na Wanubi, watu wa kale walioishi kusini mwa Misri. Kuhusu Iraki, mwalimu alieleza sanamu ndogo ya madini ya katikati ya milenia ya 3 KK, iliyopatikana katika bonde la Mto Diyala, inayoonyesha wanaume wawili wameshikana viunoni huku kila mmoja akiwa na chungu kikubwa kichwani. Kuhusu Wanubi alikaa muda mrefu zaidi, na alifanya vema. Katika hekalu la Medinet Habu, lililojengwa na Farao Ramses wa Tatu katika karne ya 12 KK, kuna michongo ya Wamisri na Wanubi wakishindana mbele ya watazamaji wa heshima, na katika mmojawapo Mmisri anamkaba Mnubi, naye mwamuzi anamwonya ajihadhari kwa kuwa yupo mbele ya Farao. Maana yake ni kwamba zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, katika bara hili, palikuwa na mashindano yenye watazamaji, mwamuzi na mipaka ya yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa. Mwalimu aliongeza kwamba watu wa milima ya Nuba nchini Sudani wanaendelea na mieleka yao hadi leo, ila alitutahadharisha tusiseme haraka kwamba hawa ni wajukuu wa moja kwa moja wa wale waliochongwa hekaluni, kwa sababu kufanana kwa mchezo peke yake hakuthibitishi ukoo. Nilimheshimu sana kwa tahadhari hiyo. Ingekuwa rahisi kwake kutufurahisha.

Ugiriki ilichukua vipindi viwili, nacho cha pili kilikuwa kirefu kupita kiasi. Tulijifunza kwamba mieleka iliingizwa katika michezo ya Olimpia mwaka 708 KK, ngumi mwaka 688 KK, na pankrationi, ambayo ilichanganya ngumi, mateke, kabali na kuvunjana viungo, mwaka 648 KK. Katika mieleka, mshindi alikuwa yule aliyemwangusha mwenzake mara tatu. Katika ngumi hapakuwa na raundi wala uzito wa kulinganisha, na mikono ilifungwa kanda za ngozi ya ng'ombe. Katika pankrationi ilikatazwa kung'ata na kutoboana macho. Karatasi yetu ilisema kwamba mieleka ilikuwepo Olimpia tangu mwaka 776 KK, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyetutaka tuifute na kuandika mwaka ulio sahihi. Napenda mwalimu anayesahihisha karatasi yake mbele ya wanafunzi, ingawa ningependa zaidi karatasi isahihishwe kabla ya kuchapishwa.

Kisa kilichobaki na mimi katika vipindi hivyo ni cha Arrhichion wa Phigalia, mpiganaji wa pankrationi ambaye mwaka 564 KK alikuwa amekabwa shingoni na mpinzani wake, naye akaukamata mguu wa mpinzani yule na kuutegua hadi mwenziwe akaashiria kwamba ameshindwa. Lakini wakati ishara ile inatolewa Arrhichion alikuwa amekwishakufa, na taji likawekwa juu ya maiti. Mwalimu hakukisimulia kisa hiki ili kusifu ushujaa. Alikisimulia dakika tano kabla ya kutufundisha kabali, kisha akatuonyesha namna ya kugonga godoro mara mbili ili mwenzako akuachie, akatuambia kwamba katika darasa lake anayegonga hajashindwa, na asiyeachia papo hapo anaondoka na harudi. Tulikuwa na vijana watatu wenye nguvu na haraka nyingi, na baada ya maneno hayo niliona mikono yao imelegea. Katika wiki zote nane hakuumia mtu, na kwangu mimi hilo lina uzito katika tathmini hii kuliko jambo jingine lolote.

Kipindi cha pili cha Ugiriki kilikombolewa na karatasi moja ya mafunjo. Ni mabaki ya kitabu cha kufundishia mieleka, kimeandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 2 BK, na yalipatikana Oxyrhynchus, Misri, katika mkoa uleule wa Minya yalipo makaburi ya Beni Hasan, ingawa kati ya ukuta ule na mafunjo haya imepita miaka 2,000 na zaidi. Maagizo yake ni mafupi, yanamwambia mmoja afanye hivi na mwenzake ajibu vile, na kila zoezi linaishia kwa amri ya kupambana. Mwalimu aliyasoma kwa Kiswahili chake mwenyewe, nasi tukatii: simama ubavuni mwake, mzungushie mkono wa kulia kichwani, pambana, mshike kiunoni, wewe pita chini ya mkono wake, vuka mguu, pambana. Ukumbi mzima ulikuwa ukisikiliza neno hilo la mwisho. Nimefundishwa na walimu wengi, na sikumbuki ni lini nilielewa kwa wepesi hivyo jinsi ya kupita chini ya mkono wa mtu aliyenishika, kutoka kwa mwalimu aliyefariki karibu miaka 1,900 iliyopita.

Kipindi cha India nilikikosa kwa sababu ya msiba, kwa hiyo siwezi kukitathmini.

Nilikuwa nikikisubiri kipindi cha China tangu nilipoliona lile bango. Mwalimu alikigawanya katika maswali mawili, na nitayaeleza kwa urefu kidogo kwa kuwa najua wako wengi waliofundishwa kama mimi. La kwanza lilikuwa: je, Wachina walipigana kwa mikono kabla ya Shaolin? Hekalu hilo lilianzishwa mwishoni mwa karne ya 5 BK, lakini orodha ya vitabu vya maktaba ya kifalme ya nasaba ya Han, ambayo iliandikwa katika karne ya 1 BK, inataja kitabu chenye sura sita kuhusu kupigana kwa mikono, ingawa kitabu chenyewe kilipotea. La pili lilikuwa: je, ni nani aliyesema kwamba Bodhidharma, yule mtawa wa Kihindi, ndiye aliyewafundisha watawa kupigana? Jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa hekaluni mwaka 728 linaeleza jinsi watawa walivyomsaidia Li Shimin, ambaye baadaye alikuwa mfalme wa China, vitani mwaka 621, na halisemi neno lolote kuhusu Bodhidharma kufundisha mapigano. Habari ya mtawa huyo kuacha mafunzo ya kuimarisha mwili inatokea katika maandishi ya karne ya 17, zaidi ya miaka 1,000 baada ya wakati wake. Mwalimu hakumdhihaki mtu anayeiamini hekaya hiyo. Alisema tu kwamba hekaya ina thamani yake kama hekaya, na kwamba mwanafunzi ana haki ya kuambiwa kitu anachofundishwa ni cha namna gani. Nilihisi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Alitaja pia jenerali Qi Jiguang wa karne ya 16, aliyeandika kwamba ngumi hazina kazi kubwa katika vita vya majeshi, ila zinafaa kumfunza askari mpya kutumia mikono, miguu na kiwiliwili chake. Ni maneno ya mtu aliyepigana vita vya kweli, na yanapunguza majigambo mengi ninayoyasikia kwenye kumbi za mazoezi.

Kuhusu Japani na Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, nilikuwa na ugomvi wa heshima na karatasi ya siku hiyo, ambayo ilidai kwamba karate ilibuniwa na wakulima maskini waliofanya mazoezi usiku ili wapigane na samurai. Waliojulikana kuiendeleza karate ya Okinawa wengi walitoka katika tabaka la watumishi wa Ryukyu, ufalme wa zamani wa Okinawa, watu waliokuwa na muda, elimu, na nafasi ya kukutana na Wachina. Nilinyoosha mkono nikasema hivyo. Mwalimu alinijibu, "Dada, uko sahihi, hilo nalo nilifundishwa nikiwa kijana, sikulichunguza," akalifuta. Mengine aliyofundisha siku hiyo yalikuwa thabiti: Itosu Anko akiiingiza karate katika shule za Okinawa kuanzia mwaka 1901, Funakoshi Gichin akiionyesha Tokyo mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 jina likabadilishwa maandishi yake kutoka "mkono wa Kichina" hadi "mkono mtupu". Hata mkanda mweusi, ambao nilipoupata nililia, ulitoka katika judo ya Kano Jigoro, iliyoanzishwa mwaka 1882. Sikusikitika kujua kwamba umri wake ni mdogo kuliko nilivyodhani. Jasho nililolimwaga kuupata ni lilelile.

Kuna mambo ya ukumbi ambayo ni lazima niyaseme. Magodoro ni membamba, na katika mazoezi ya kuangushana chali saruji inasikika mgongoni. Hakuna chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo. Tulikuwa wanawake saba, na kwa wiki tatu za kwanza tulibadilishia stoo, hadi mwenye ukumbi alipokubali kutufungulia ofisi yake. Madirisha ya upande wa mashariki hayafungi, na upepo wa Dodoma wa kiangazi huleta vumbi linalofanya sakafu iteleze, hivyo inabidi kufagia mara mbili kabla ya kuanza. Vipindi viwili vilichelewa kwa nusu saa bila taarifa. Chai ni nzuri na maandazi yake ni ya moto.

Kasoro kubwa kabisa, hata hivyo, ni kwamba Afrika ya upande wetu ilipewa nusu ya kipindi kimoja, Jumamosi ya saba. Mwalimu alituonyesha picha moja ya michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ambamo mtu aliye katikati anashikwa mikono na watu wa upande mmoja na wa upande mwingine. Alisema kwa uaminifu kwamba huenda ni utekaji, huenda ni ngoma, huenda ni jambo la kiimani, na kwamba hatuna ruhusa ya kuuita mchoro huo mapigano kwa sababu tu tunapenda iwe hivyo. Akataja mieleka ya Senegali na ngumi za Wahausa ziitwazo dambe, kisha akataka kufunga mada.

Hapo mzee mmoja kutoka Chamwino, ambaye kila Jumamosi alimleta mjukuu wake na kukaa kwenye benchi akisubiri, aliomba kusema. Alieleza kwamba walipokuwa wachungaji, mbuzi wakishakunywa maji, vijana walishuka kwenye mchanga wa korongo lililokauka na kushikana mieleka, na mchanga ule ndio uliokuwa godoro lao. Mwalimu akamwambia, "Shikamoo babu, tafadhali njoo utuonyeshe." Mzee akavua viatu, akapanga soksi zake juu ya benchi, akaingia na mjukuu wake. Alimzungushia mikono kiunoni na kufunga viganja nyuma ya mgongo, akaegemeza kichwa chake begani kwa kijana, akamvuta kidogo kulia ili uzito uhamie mguu mmoja, kisha akautia mguu wake ndani na kuunasa ule mguu. Alimlaza kijana taratibu sana, kama mtu anayetua mzigo wenye mayai, na akabaki amemshikilia kichwa kisigonge chini. Sisi tuliokuwa na mikanda tulikuwa tumesimama tukitazama mguu wake wa kulia.

Mwalimu alikwenda kwenye mkoba wake akatoa simu, akaitafuta ile picha ya rangi ya siku ya kwanza, akaikuza kwa vidole katika safu ya tatu na kumwonyesha mzee. Mzee aliitazama kwa muda, akaomba miwani ya mjukuu wake, akaitazama tena. "Huyu mweusi anamwangusha mwenzake," alisema, "lakini amechelewa kuvuta."

Awamu ijayo inaanza baada ya mfungo kwisha, kwa ada ileile. Nimemwomba mwalimu ampe mzee huyo kipindi kizima badala ya ile Jumamosi ya pili ya Ugiriki, na amenijibu kwamba wamekwishazungumza, na kwamba masharti ya mzee ni mawili: alipiwe nauli ya kutoka Chamwino, na aletewe mchanga.